Waya Upo, Neno Halifiki



Somo letu la Jumapili hii ni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3. Lisomeni nyumbani kabla ya ibada, kwa sauti, wazazi pamoja na watoto. Habari yenyewe mnaijua tangu shule ya Jumapili. Mtoto Samweli amelala katika nyumba ya Bwana kule Shilo, sauti inamwita usiku, naye anakimbilia kwa mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Eli anamrudisha akalale. Sauti inaita tena, mtoto anakimbia tena, anarudishwa tena. Mara ya tatu ndipo mzee anapong'amua kinachotokea. Anamfundisha kijana namna ya kujibu, kisha anamwambia arudi kitandani.

Tumezoea kuihubiri habari hii kwa upande wa Samweli, utii wake na wepesi wake wa kuamka. Safari hii naomba tukae na Eli. Nimefika kwake kwa kupitia meza ya vijana iliyo ukumbi wetu wa chini, pale wanapokutana Jumamosi kuunganisha bodi za elektroniki na kompyuta.

Kwa ambao hamjashuka ngazi kuiona: hizo ni bodi za kujifunzia, za aina ya Arduino Uno, na ukiilaza moja juu ya kadi ya nauli ya Presto haizidi ukingo. Juu yake kuna chipu nyeusi yenye miguu 28, ATmega328P, ambayo ni kompyuta kamili ndani ya kipande kimoja. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi, na saa yake inapiga mara milioni 16 kwa sekunde. Haina kioo, haina kibodi. Ili ifanye lolote, lazima iunganishwe kwa waya na kompyuta kubwa, maelekezo yaandikwe huko, yatumwe, ndipo ianze kuyatenda: kuwasha taa, kupima joto la chumba, kuzungusha mota. Kazi ya kwanza ya kila anayeanza ni kukifanya kitaa kimoja, kilichoungwa kwenye pini namba 13, kiwake sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Nimeona kijana wa miaka kumi na tano, aliyekuwa hasemi na mtu tangu afike Kanada, akiruka kutoka kwenye kiti kitaa kile kilipoanza kupepesa.

Bodi hizi zilianzia Ivrea, kaskazini mwa Italia, mwaka 2005. Walimu wa chuo cha usanifu walitaka wanafunzi wasio wahandisi wapate kifaa cha bei nafuu cha kujifunzia, wakaitengeneza bodi hii, na michoro yake wakaiacha wazi ili yeyote aweze kuinakili. Kwa sababu ya uamuzi huo kijana wa mtaa wa Jane na Finch hapa Toronto anashika leo bodi ileile anayoshika kijana wa Kinondoni au wa Goma. Naomba tusipite haraka hapo. Walikuwa na haki ya kukifungia kitu chao, wakachagua kukitoa.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini kanisa lijishughulishe na mambo haya wakati kuna maombi na kwaya. Ni swali la haki, nami nalijibu. Mnakumbuka Ontario Science Centre pale Don Mills Road, iliyofunguliwa mwaka 1969. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa upande huu wa mji walikwenda pale kushika sayansi kwa mikono yao, na wale wa Flemingdon Park walifika kwa miguu. Juni 2024 serikali ya jimbo iliifunga ghafla, kwa sababu ya hali ya paa. Hatuna uwezo wa kuliziba pengo hilo. Lakini meza, kompyuta chache zilizokwisha kutumika, na mtu mzima wa kuketi na watoto, hivyo tunavyo. Na kama tunavyo tukavinyima, tutajibu nini?

Tena si jambo geni mahali hapa. Mwaka 1972 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu iitwayo 8008, na pamoja nayo bodi ya majaribio, SIM8-01, ya kuwaonyesha wahandisi jinsi chipu ile inavyofanya kazi. Hapa Toronto alikuwapo Mers Kutt, aliyewahi kuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Queen's kule Kingston. Siku zile kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, mali ya benki na serikali. Kutt aliamini kwamba ingeweza kuwekwa juu ya meza ya mtu mmoja. Alianza na bodi ile, na wenzake wakaendelea kujenga, Gord Ramer akishughulikia programu na José Laraya vifaa. Tarehe 25 Septemba 1973, katika hoteli ya Royal York, waliionyesha dunia MCM/70: kompyuta ya mezani yenye kibodi, kioo cha mstari mmoja tu wa maandishi, kaseti za kuhifadhia, na betri ya ndani ili umeme ukikatika kazi ya mtu isipotee. Ni miongoni mwa kompyuta za kwanza kabisa duniani zilizojengwa juu ya chipu ya namna hiyo kwa matumizi ya mtu mmoja. Haikuwatajirisha, na kampuni yenyewe haikudumu. Kumbukumbu za kazi yao zinatunzwa na makumbusho ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha York, hukuhuku North York, safari ya basi moja kutoka kwa wengi wenu. Ningependa vijana wetu wajue kwamba barabara wanazopita kwenda shule zimewahi kupitwa na watu waliokaa mbele ya bodi tupu wakihangaika kuifanya iseme.

Sasa nije kwenye lililonipeleka kwa Eli.

Kuna mzee mmoja wa ushirika wetu, fundi redio wa Bukavu kwa miaka mingi kabla ya vita kumtoa kwake. Jumamosi humsindikiza mjukuu wake, kisha huketi ukutani na koti lake bila kulivua. Mjukuu anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Wanapendana, hilo halina shaka. Ila mazungumzo yao, kwa miezi niliyowatazama, yalikuwa ya umekula, umevaa kofia, twende.

Jumamosi moja mjukuu alichomeka bodi kwenye laptopu. Kitaa cha kijani kikawaka, umeme unafika. Lakini kwenye orodha ya programu, pale ambapo jina la poti linapaswa kutokea, palikuwa patupu. Kijana akachomoa, akachomeka. Akaweka draiva upya. Akaizima laptopu na kuiwasha. Kitaa kinawaka vizuri, na kompyuta haina habari kwamba kuna kitu.

"Babu, imewaka lakini haionekani," akasema, safari hii kwa Kiswahili, kwa kuwa alimwona mzee amesimama nyuma yake.

Mzee akaomba ile kebo. Akaipitisha katikati ya vidole taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akachukua nyingine mezani akaipima unene kwa kidole gumba. Akauliza kama yuko radhi ile ya kwanza ipasuliwe. Kijana akakubali, na mzee akaichana ganda kwa wembe mahali padogo, akaifunua. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Basi.

"Huu ni wa kulisha tu," akasema. "Wa kusemea haumo."

Alikuwa sahihi. Kebo ya USB ya bodi hizi inapaswa kuwa na nyaya nne: mwekundu na mweusi za kupeleka umeme, wa kijani na mweupe za kupeleka habari. Zipo kebo nyingi za bei rahisi zilizotengenezwa kwa kuchajia simu, nazo zile mbili za habari hazikuwekwa kabisa. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwenye bodi zenye tundu kama la simu, kichwa ni kilekile, kinaingia palepale, na taa inawaka. Walipobadilisha kebo, jina la poti likatokea mara moja kwenye orodha.

Niliondoka na sentensi ile ya mzee na sijaweza kuiweka chini. Wa kulisha tu, wa kusemea haumo. Ndugu zangu, nazitembelea nyumba zenu. Nayajua maghala mnakofanya kazi za usiku, nazijua ofisi mnazosafisha wenyewe wakiwa wamelala, najua kodi ya vyumba viwili imefika wapi katika mji huu. Najua baba anayeingia saa mbili asubuhi mtoto akiwa ameshatoka kwenda shule, na mama anayetoka jioni mtoto akiwa bado njiani kurudi. Chakula kipo kwenye friji. Joto la nyumba limelipiwa, simu ya mtoto imelipiwa. Taa inawaka. Silitaji hili ili kumlaumu mtu, maana kulisha ni kazi takatifu na wengi wenu mnaifanya kwa kuumiza miili yenu. Nalitaja kwa sababu taa hiyo hutufanya tuamini kwamba yote yako sawa, mpaka siku tunapoitwa shuleni tukaambiwa habari za mtoto wetu ambazo jirani alizijua kabla yetu.

Na bado kebo nzuri haikutosha. Kijana alipakia programu ya kupima joto la chumba na kulituma kwenye kompyuta kila sekunde. Akafungua dirisha la kusomea. Badala ya tarakimu yakamiminika mavisanduku, alama za kuuliza zilizopinduka, herufi zisizo na maana. Mzee akasogeza miwani. "Hii ni lugha gani?"

Hapo ndipo mjukuu alipokaa akamweleza babu yake, na nilisikia maelezo yale mpaka mwisho, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa mikono. Bodi na kompyuta, alisema, hazina saa moja ya pamoja. Kila moja inahesabu wakati wake. Bodi ikitaka kutuma herufi inashusha umeme kwenye waya kwa muda mfupi kutoa ishara ya kuanza, kisha inatuma vipande vinane vya hiyo herufi, kimoja baada ya kingine, na kumaliza na ishara ya kufunga. Ikipangwa kutuma vipande 9600 kwa sekunde, kila kipande kinakaa kwenye waya karibu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kompyuta inatakiwa kuchungulia waya katikati ya kila kipande. Sasa kama kompyuta imejiwekea 115200, inachungulia mara kumi na mbili wakati mwenzake bado yuko kwenye kipande kimoja. Inahesabu vitu ambavyo havikusemwa. Kila kilichotumwa kilitumwa sawasawa, na waya ulivibeba vyote. Tatizo lilikuwa kwa msikilizaji aliyesikiliza kwa mwendo wake mwenyewe.

Kisha kijana akashusha kiorodha kilichoko kwenye pembe ya dirisha, akachagua 9600. Mavisanduku yakakoma. Zikaanza kushuka namba safi: 21.4, 21.4, 21.5. Mzee akaizungushia bodi kiganja chake, akaona namba zikipanda.

Ona ni nani aliyebadilika. Ile bodi ndogo haikuguswa. Ingewezekana kubadilisha kasi upande wake, lakini kwa kuiandika programu upya na kuipakia tena. Kompyuta kubwa, yenye uwezo wa kila kasi, ndiyo iliyohamia kwenye mwendo wa ile ndogo. Hata ile SIM8-01 ya mwaka 1972 ilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: iliundwa izungumze na teletaipu, mashine ya kuchapa iliyomudu herufi 10 tu kwa sekunde, na chipu iliyokuwa na uwezo wa kwenda mbio zaidi ililazimika kusubiri. Mwenye uwezo zaidi ndiye anayesubiri.

Mtazameni basi Eli. Macho yake yameanza kufifia. Wanawe Hofni na Finehasi wameharibika, na yeye hakuwazuia ilivyompasa. Maandiko yanasema wazi kwamba neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Ni kuhani aliyechoka, mwenye usingizi, na mtoto anamwamsha kwa jambo ambalo hakulifanya. Mara mbili anajibu kwa kasi yake ya kawaida: sikukuita, kalale. Ni jibu la kweli. Wala si la ukali, anamwita mwanangu. Lakini halijamfikia Samweli pale alipo, kwa sababu mtoto anasikia kitu na hana namna ya kukipa jina.

Mara ya tatu Eli anafanya kazi ambayo mtu mzima pekee angeweza kuifanya. Anaacha kujibu swali aliloulizwa, anasikiliza tukio zima: mtoto mwaminifu, usiku uleule, wito uleule. Anatambua kwamba Mungu anasema, na kwamba hasemi naye. Hebu fikirini uzito wa hilo kwa kuhani mkuu. Sauti imepita kitanda chake ikaenda kwa mtoto wa kazi za hekaluni. Angeweza kusema, ikiita tena njoo uniite, nitakwenda mimi. Hakusema hivyo. Alimpa mtoto maneno machache mepesi ya kujibu, yanayobebeka na mtoto, akamwacha aende peke yake.

Kwa hiyo nasema na wazazi, mabibi na mababu, mashangazi na wajomba mnaolea hapa North York. Mzigo wa kubadilisha kasi ni wetu. Najua wapo wanaofundisha kinyume, kwamba mtoto akijibu kwa Kiingereza asisikilizwe mpaka arudie kwa Kiswahili. Nakipenda Kiswahili, nahubiri kwa Kiswahili, na ninataka wajukuu wenu waimbe nacho. Lakini mtoto anayekuja na neno zito, la uonevu shuleni, la hofu usiku, la shaka juu ya Mungu, akaambiwa alirudishe akalitafsiri kwanza, hatalileta mara ya pili. Lipokee lilivyokuja. Kiswahili utampa ukiwa unalijibu, naye atakipokea kwa kuwa kimemfaa.

Wengine mtasema, Mchungaji, Kiingereza chenyewe sikijui. Mzee wa Bukavu hakijui pia. Aliuliza swali moja la kweli, hii ni lugha gani, akakaa kusubiri jibu, na mjukuu akajikuta ana maneno ya Kiswahili ambayo hakuna aliyejua anayo. Watoto wetu tumewafanya wakalimani tangu wakiwa wadogo. Wanatusomea barua za shule, wanatufasiria kwa daktari, wanatupigia simu kwa mwenye nyumba. Wanabeba habari zetu kila wiki. Ni haki yao nasi tuwaulize habari zao, na tuwape muda wa kuzitafutia maneno.

Kuna tabia nyingine ya bodi hizi ambayo mjukuu alimwonyesha babu. Kila inapoanzishwa upya, kabla ya kurudia kazi yake ya jana, inanyamaza kwa muda wa kama sekunde moja ikisikiliza kama kuna maelekezo mapya kutoka kwenye waya. Yakiwapo, inayapokea. Yasipokuwapo, inaendelea na yale ya zamani. Na kompyuta ikipangwa kuhakiki, ikishatuma haiamini tu kwamba yamefika. Inayasoma tena kutoka ndani ya chipu, mwanzo mpaka mwisho, na kuyalinganisha na yale iliyotuma. Ndipo inaandika kwenye kioo kwamba kazi imekamilika. Nasi nyumbani tunyamaze kidogo kusikiliza kabla ya kurudia mambo ya jana, na tukishasema tuulize limefikaje.

Nilifikiri siku ile ingeishia hapo, lakini mzee alikuwa bado. Alichukua bodi nyingine kutoka kwenye sanduku la vifaa vya zamani, akaigeuza kwenye mwanga, akaonyesha kipande cha manjano kisichozidi punje ya mchele, chenye mstari upande mmoja. Akamwambia mjukuu kwamba hicho ni cha kutunzia umeme kwa muda mfupi, na kwamba ndani yake mna tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. "Koltani inatoka kwetu." Kijana akauliza kwetu wapi. Mzee akamtajia Rubaya, katika Masisi, Kivu Kaskazini. Akaeleza kuhusu vijana wa rika la mjukuu wanaochimba kwa sululu na kubeba magunia mgongoni kwenye vilima vile, na udongo unavyoporomoka majira ya mvua. Akamwambia kwamba waasi wa M23 waliingia Rubaya mwaka 2024, mwezi wa nne. Kijana akauliza, "Basi hiki kimoja kilichimbwa na nani?" Mzee akasema hajui, huenda na mtu wa Rubaya, huenda na mtu wa nchi nyingine kabisa, lakini kilichimbwa na mtu. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusimulia siku aliyofunga karakana yake ya redio Bukavu. Walikuwa wamekaa wamegusana mabega, na ukumbi ulipofika wakati wa kufungwa ikabidi niwaombe wamalizie ngazini.

Sijui kama mnaelewa maana ya jambo hilo kwa familia ile. Mama wa kijana aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe, binti wa yule mzee, hajawahi kuisikia habari ya karakana.

Familia zetu nyingi zimebeba habari za namna hiyo. Tumewaficha watoto kwa upendo, tukidhani tunawakinga, nao wametuficha zao kwa sababu hiyohiyo. Hapa ndipo sehemu ya mwisho ya sura ya 3 inapotufaa, sehemu ambayo kwenye shule ya Jumapili mara nyingi hatufiki. Asubuhi Samweli anafungua milango ya nyumba ya Bwana, na anaogopa. Neno alilopewa usiku ni hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mtoto gani ataanza kumwambia mzee aliyemlea habari kama hizo? Eli ndiye anayemwita. Anamwita mwanangu, anataka aambiwe yote, na anamwapisha asimfiche hata neno moja. Samweli anasema yote. Eli hajitetei, hamkaripii, hapunguzi lolote. Anakubali kwamba aliyesema ni Bwana, na anamwachia atende alionalo jema. Katika maisha yake yenye makosa mengi, sioni mahali ambapo Eli alikuwa mchungaji mwema kuliko asubuhi ile.

Wiki hii, kila mzazi achague saa moja ambayo simu yake itakaa chumba kingine, amuulize mtoto jambo moja ambalo kweli halijui, na asimsaidie kulimaliza. Likija neno la kukuuma, juu yako au juu ya nyumba yako, lipokee lote kabla hujalijibu. Na wewe kijana, muulize mzee wa nyumbani kazi yake ilikuwa nini kabla ya Kanada, umwache aieleze kwa mwendo wake.

Tuwaombee watu wa Masisi, na ndugu zetu wa ushirika huu ambao bado wana jamaa kule na hawajapata simu kutoka kwao. Majina mnayajua.

Jumamosi meza itakuwa wazi kuanzia saa saba mchana. Mlio na laptopu za zamani zinazowaka, zileteni, hata kama betri imechoka. Mkileta kebo, mzee wa Bukavu amejitolea kuzipima moja moja pale mlangoni. Wazazi, tafadhali msiwashushe watoto na kuondoka na gari. Viti vipo vya kutosha, na chai tutaichemsha.